Baraza Zilizoliwa na Kipimo cha Joto

Palma, Msumbiji
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, goti limetulia, na kikohozi cha mama kimeondoka na upepo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula, nalala, naswali kwa wakati isipokuwa siku za kumwaga zege. Ninachosumbuliwa nacho ni joto tu, na joto ndilo habari yenyewe ya barua hii, kwa hiyo nitalifikia taratibu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Baba, tukipigiana simu unasema haloo mara saba, unaniuliza kama nimekula, halafu unampa mama. Habari hii haitoshi kwenye haloo. Nimempa barua mama mmoja jirani yangu anayevuka Ruvuma kila mwezi kununua vitenge Mtwara, naye atamkabidhi mjomba pale stendi, na mjomba anajua njia ya kuja kwako Lindi hata akiwa amefumba macho, hasa saa ya chakula.

Umeshasikia kwamba huku imepatikana gesi baharini, na kwamba watu wa vijiji vilivyoangukia ardhi ya mradi wanahamishwa. Kampuni ndogo iliyoniajiri imepewa kujenga sehemu ya nyumba zao, mistari minne, matofali ya saruji na bati, upande wa barabara iendayo kijiji cha Mute. Mimi ndiye fundi sanifu. Nachora, napima, na kwa kuwa Kireno changu sasa kinatembea bila mkongojo, natafsiri pia. Hiyo ya kutafsiri hailipwi, ila ndiyo inayochosha kuliko zote.

Mkubwa wangu ni mhandisi Amandio, mtu wa Inhambane, kusini mbali kabisa. Ni mtu mwema, mnene, anayependa mambo yaishe. Amekaa hapa mwaka mzima na Kiswahili chake kina maneno mawili, "polepole" na "bado", na kwa maneno hayo mawili anasimamia mafundi arobaini. Usimcheke. Wanamwelewa kuliko wanavyonielewa mimi.

Sasa nikujulishe mtu wa pili, Bi Somoe. Huyu ni mjane, mwenyekiti wa kamati ya watu wanaohamishwa. Maisha yake yote ameuza pweza wakavu, na ameizoea biashara hiyo kiasi kwamba hata mtu akimsalimia yeye humgeuza kwanza aone upande wa pili. Mwanzoni kabisa, tulipokwenda kuwaonyesha wanakijiji michoro ya nyumba, wanaume waliuliza habari za umeme na kufuli. Bi Somoe aliuliza upana wa baraza. Nilipomtajia, alitandika mkeka kwenye mchanga, akaketi, akamketisha bintiye, akaweka kinu na ungo, kisha akaniuliza mgeni atakaa wapi. Nilimtafsiria Amandio. Amandio akautazama mkeka, akamtazama Bi Somoe, akaniambia nipanue. Nilipanua baraza zote, mbele na upande wa magharibi, na kamati ikaweka sahihi. Siku ile nilirudi kwangu nimefurahi kama mwenye harusi.

Furaha ilidumu mpaka ilipoingia barua ya wafadhili. Walisema wamesikitishwa na nyumba za saruji zinazojengwa katika nchi za joto bila kuchunguzwa, watu wakaja kuivia ndani. Kwa hiyo kabla ya kujenga, kila mchoro wa nyumba lazima ufanyiwe tathmini ya joto na mtaalamu anayetambulika, na gharama ni ya mjenzi. Kwa haki, baba, wazo si baya. Wewe mwenyewe katika uashi wako umeshabomoa bati la watu ukiwaambia wamejenga tanuri.

Tatizo lilikuwa bei. Mtaalamu wa karibu anayetambulika alikuwa Lisboni, Ureno. Kuna nauli yake, malazi yake Palma mahali ambapo siku hizi chumba chenye kitanda kinachoyumba kinauzwa kama dhahabu, kuna mitambo yake, na ada yake, nayo hutozwa kwa kila mchoro. Sisi tulikuwa na michoro minne. Lakini si nyumba nne. Ni nyumba moja, baba, ila katika mstari mmoja mlango uko kulia, mwingine kushoto, na mistari miwili imegeuzwa kwa sababu ya mteremko. Amandio akaandika barua ya heshima kueleza kwamba nyumba ni ile ile. Ofisi ya mtaalamu ikajibu kwa heshima vilevile kwamba jua halina habari hiyo. Amandio aliisoma mara tatu. Nilitaka kucheka, nikauona uso wake, nikakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Akaniita tutafute cha kupunguza. Milango ilikuwa kwenye mkataba. Choo kilikuwa kwenye mkataba. Tangi la maji lilikuwa kwenye mkataba, tena kwa herufi nzito. Baraza hazikuwamo. Tuliziongeza wenyewe kwa kumridhisha mwenyekiti. Amandio hakuniangalia usoni aliponiambia nizitoe.

Nilizitoa. Wewe ukibomoa kuna nyundo, kuna vumbi, na mtu anapata nafasi ya kufikiri. Kwenye kompyuta ni kidole kimoja. Nilibonyeza, zikatoweka zote, na nyumba zikabaki zimesimama uchi juani. Mchoro wa zamani wa karatasi sikuutupa. Niliukunja nikautia mkobani, bila sababu ninayoweza kuitaja.

Mtaalamu akafika. Anaitwa Filipa, mama wa makamo, mwembamba, kofia pana, na masanduku matatu ya vipimajoto vyeupe vidogo, kila kimoja ukubwa wa yai. Tulikuwa tumeshajenga nyumba moja ya mfano, bila baraza. Alitaka familia iishi humo wiki moja kama kawaida yake, huku vipimajoto vimetundikwa ukutani vikiandika joto lenyewe, na wakazi wakijaza fomu kueleza kila saa walikuwa wapi.

Bi Somoe akajitolea, yeye na bintiye. Alipofika na vitu vyake alizunguka nyumba yote polepole, akasimama mbele, akaniuliza baraza iko wapi. Nikamjibu kwa Kiswahili cha Amandio. Nikasema bado. Sikulipenda jibu langu, na yeye alinitazama kama anayenusa pweza asiyekauka vizuri.

Kisha Filipa akaniomba nimweleze mwenye nyumba lengo la kazi. Wareno wana neno lao la jambo hili, refu kama mkia wa samaki taa, lenye maana ya joto kupita kiasi katika jengo kutokana na hivi na vile. Nililizunguka kwa dakika nyingi. Nilieleza kuta zinavyohifadhi joto, bati linavyolishusha, hewa inavyokwama. Bi Somoe alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Yaani joto," alisema.

Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama huyu mama ametoka Ulaya kuja kuliangalia. Nikasema ndiyo. Akamwonea huruma, akampa kiti.

Fomu zilikuwa na maswali kwa kila saa. Saa tano asubuhi ulikuwa wapi, ndani au nje. Nje. Saa sita. Nje. Saa nane. Nje. Saa kumi. Nje, kivulini mwa kontena la saruji. Siku ya tatu Filipa akaniomba nimkumbushe kwa upole kwamba anatakiwa aishi ndani ya nyumba kama kawaida. Bi Somoe akajibu kwa upole uleule kwamba kawaida yake ni kutokufa. Hiyo niliitafsiri kwa maneno machache zaidi.

Wiki ikaisha. Filipa akavikusanya vipimajoto, akaviunganisha na kompyuta yake, sisi tumesimama nyuma yake. Kila chumba kilionyesha mistari inayopanda mchana na kushuka usiku. Ila kipimajoto kimoja cha chumba cha kulala, chenye namba ya tatu, hakikuonekana ukutani tulipovikusanya, ila taarifa zake zilikuwa zimefika kwenye kompyuta kwa njia ya hewa. Mstari wake ulikuwa umenyooka. Mchana na usiku, alfajiri na magharibi, joto lilelile, joto la mtu mwenye homa kali, halipungui hata kidogo.

Amandio akakaa chini. Filipa akaniambia nimwulize Bi Somoe kama walikuwa wakiwasha jiko la mkaa chumbani. Bi Somoe akasema yeye si mwendawazimu. Filipa akashika kuta kwa viganja. Akalala sakafuni akaishika sakafu. Akasema kama taarifa hizi ni za kweli, basi kuna kasoro kubwa kwenye matofali, na tathmini itabidi irudiwe yote, na kurudiwa ni ada nyingine. Nilipoitafsiri hiyo kwa ajili ya kamati nilimsikia Amandio akisema "polepole", ingawa hakuna aliyekuwa akienda haraka.

Nikaanza kukitafuta kile kipimajoto. Msumari wake ulikuwepo, uzi wake ulikuwepo umekatika. Nilitazama nyuma ya mlango, nikatazama chini ya kitanda. Chini ya kitanda kulikuwa na tenga, na ndani ya tenga kuku mwekundu amelalia mayai, akanitazama kama afisa wa forodha. Nikamwuliza Bi Somoe kama ameona kitu cheupe mfano wa yai.

Akasema amekiona. Kilianguka siku ya kwanza. Kwa kuwa aliambiwa ni kitu cha gharama na kisikanyagwe, alikiweka mahali salama kuliko pote nyumbani, kwa sababu kuku yule hakuna mtu anayemsogelea.

Filipa hakungoja nitafsiri. Aliona mahali nilipokuwa nikiangalia, akapiga magoti, akaingiza mkono tengani, akadonolewa mara mbili, akakitoa kipimajoto kikiwa na unyoya. Halafu akakaa palepale sakafuni akacheka mpaka kofia ikamtoka. Bi Somoe alikasirika kidogo, akasema kuku akishtuliwa huyatelekeza mayai, na hayo nayo yana bei yake. Filipa akaahidi kumlipa kila yai litakaloharibika. Kwa bahati alikuwa ametundika kipimajoto cha pili ukuta wa pili wa chumba kilekile, ambacho taarifa zake alikuwa hajazifungua, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kurudia. Mtaalamu mzuri huweka viwili. Hilo nimejifunza.

Ripoti ilitoka baada ya siku chache, nene kama Kurani ya tafsiri. Mimi niliisoma yote. Imejaa picha za rangi za nyumba yetu ikiwa nyekundu kama kamba aliyechemshwa. Matokeo yake, baba, ni kwamba nyumba ina joto. Ina joto kuanzia saa saba, na baada ya magharibi ukuta wa machweo unaendelea kulitoa mpaka watu wamechoka kujigeuza. Dawa yake ilikuwa ukurasa wa mwisho, na ilikuwa na picha. Ilipendekeza kivuli chenye paa, mbele ya nyumba na upande wa magharibi, upana wa hatua tatu.

Hatua tatu ni mkeka, kinu, ungo na mgeni.

Amandio aliifunga ripoti akaiweka mezani kwa mikono miwili. Pesa za kivuli hicho ndizo zilizoilipia ile ripoti, na ada za michoro mitatu mingine zilikuwa zinasubiri. Alisukuma chai yake pembeni. Kisha akaniambia kwamba kwenye mkutano wa kamati niwaambie nyumba imekubaliwa, ikiwa na mapendekezo ya baadaye. Akaniambia si uongo. Nami nililipima neno hilo usiku kucha nikaona ni kweli, si uongo. Ndilo lililonisumbua.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la saruji, watu wameketi juu ya mifuko. Amandio alisema yake, nikatafsiri. Filipa alishukuru, nikatafsiri. Bi Somoe akasimama akauliza ripoti imesemaje. Nikafungua mdomo niseme nyumba imekubaliwa. Baba, nilikuwa nimeshaipanga sentensi. Lakini alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anaangalia ule ukuta wa mbele wa nyumba ya mfano, mweupe, mtupu, jua limeugonga mpaka macho yanauma. Nikafikiri habari ya kazi yangu, na dawa za mama, na nauli ya kurudi. Halafu nikasema yote. Nikasema ripoti inasema nyumba ina joto, na kwamba dawa yake ni baraza walizoziomba, na kwamba baraza zilitolewa ili kulipia ripoti, na kwamba aliyezitoa kwenye mchoro ni mimi.

Bi Somoe akaniuliza jambo moja tu.

"Na hiyo karatasi imekula baraza ngapi?"

"Zote," nilisema.

Amandio akataka kujua nimesema nini, maana nilikuwa nimeongea muda mrefu kuliko mapendekezo ya baadaye. Nilimtafsiria neno kwa neno. Masikio yakamwaka moto. Lakini aliyegeuka kwa haraka alikuwa Filipa. Alimwuliza Amandio baraza zipi, kwa kuwa yeye alipelekewa mchoro usio nazo na hakujua kama zimewahi kuwepo. Nikautoa ule wa zamani mkobani, nikautandaza juu ya mifuko ya saruji. Alivaa miwani. Alipima kwa penseli, akapiga hesabu pembeni, akamtazama Bi Somoe kwa muda.

Kisha akasema, nami nikatafsiri, kwamba michoro hii ikiwa na kivuli mbele na magharibi, tofauti ya mlango kulia au kushoto inakuwa ndogo sana. Yuko tayari kuithibitisha kwa mashine yake mchana mmoja na kuandika yote minne katika ripoti moja, kwa ada moja. Akaongeza kwamba ofisi yake Lisboni haitapenda, na kwamba hilo nisilitafsiri. Nilikuwa nimeshalitafsiri.

Amandio hakunisemesha siku mbili. Alipita mezani kwangu akipumua tu. Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo zangu. Siku ya tatu asubuhi alikuja na ule mchoro wa zamani, akauweka mbele yangu, akaweka kidole kwenye baraza ya kwanza.

"Bado?" aliniuliza.

Nikaanza kuchora. Hakuomba radhi, nami sikuomba, tukanywa chai.

Wafadhili walijadiliana wiki mbili, wakakubali. Nisikudanganye kwamba yote yamekaa sawa. Mistari mitatu imepata baraza kamili. Wa nne mabati yalipungua, na baraza zake ni nyembamba, mgeni wa huko atakaa akiwa amejikunja. Nilidhani Bi Somoe, kwa kuwa mwenyekiti, angechukua nyumba ya mstari wa nne ili kutoa mfano. Alichukua ya kwanza kabisa ya mstari wa kwanza, akaeleza kwamba mwenyekiti ana wageni wengi. Wa mstari wa nne tunawatafutia nguzo na bati la ziada, na Amandio ameandika barua. Naamini, kwa sababu niliiandika mimi akatia sahihi.

Filipa aliondoka wiki iliyopita. Bi Somoe alimpa pweza wakavu wamefungwa kwenye gazeti, akamsihi asiwaweke juani, maana wataharibika. Sijui watu wa forodha wa kule walimwambia nini.

Nisalimie mama, mwambie dawa nyingine nitazituma mwisho wa mwezi na asizigawe kwa majirani. Msalimie mama mdogo, na shangazi wa Mikindani aliyeniambia msichana hachori nyumba. Msalimie kaka na mkewe na mtoto wao mpya, ambaye sijamwona ila namdai jina, maana mmelichagua bila mimi. Mzee seremala wa upande wa pili wa ua mpe heshima zangu, na imamu wetu pia, mwambie naswali.

Jambo la mwisho. Chini ya kila mchoro kuna kisanduku cha jina la mchoraji. Miaka yote hii nimechora na kisanduku kimebaki kitupu, au kimeandikwa jina la kampuni. Juzi Amandio alikuja na michoro mipya akaniambia nijaze jina langu, wafadhili wanataka kujua aliyechora. Kisanduku kile ni kidogo, baba. Tatu binti Saidi Mchopa halikuingia. Akaniambia nilikate mahali popote. Nikafikiri habari yako, kwamba umejenga nusu ya Lindi na hakuna ukuta hata mmoja wenye jina lako. Nikalikata la kwangu. Nyumba zote za mistari minne, kwenye karatasi zote, hapa na Lisboni, zimeandikwa hivi ninavyotia sahihi:

Mwanao akupendaye,

T. Saidi Mchopa